Gari Jekundu, la Milango Miwili

1

LINAUZWA. Gari dogo la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili. La zamani ila halijachoka. Taa za mbele hulala ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa (moja huinuka yenyewe, nyingine husaidiwa kwa mkono). Sababu ya kuuza: mgongo wa mwenye gari. Maongezi yapo. Lipo Mbeya mjini. Wapiga soga tafadhali msipige simu.


2

Tangazo hilo Angetile Mwaijande alilisoma kwenye simu ya mteja. Yeye ni fundi redio pale Tukuyu, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Kazi alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na kila anachokifungua hukipanga mezani kwa mpangilio ule ule kilivyotoka. Ni mtu wa sauti ndogo. Wateja huinama kidogo wanapoongea naye.

Alirudia kusoma neno moja.

Jekundu.

Akamrudishia mteja simu yake, akafunga kibanda mchana kweupe. Majirani walipoona hivyo wakadhani amefiwa.

"Kuna nini, Baba Sekela?"

"Hakuna kitu. Nakwenda Mbeya."


3

(Karatasi ya kliniki ya macho. Imebandikwa ukutani jikoni kwao, juu ya mtungi.)

MAELEKEZO
Mgonjwa: Subilaga, mke wa A. Mwaijande.
Tatizo: presha ya macho, macho yote mawili.
Matone: asubuhi na jioni, bila kukosa.
Izingatiwe kuwa uoni uliokwisha kupotea haurudi. Dawa ni ya kulinda uliobaki.

Na chini, kwa kalamu nyingine: Uoni wa pembeni umekwisha. Wa katikati unapungua. Ndugu wajiandae.

Wajiandae vipi, haikuandikwa.


4

Subilaga alimweleza dada yake hivi:

Zamani nilikuwa nauona mlima Rungwe wote pamoja na mawingu yake,

          kisha nikawa nauona mlima bila mawingu,

                    sasa nakiona kilele tu, kama vile

                              nachungulia tundu la

                                        kitasa,

                                                  na hicho nacho


5

Sasa wewe unayesoma, kaa vizuri nikueleze kwa nini fundi redio anakimbilia gari la spoti wakati mkewe anapofuka. Tukuyu hatukuelewa. Tulimsema sana.

Subilaga alipokuwa msichana, alisimama kando ya barabara ya Kiwira na mama yake, wakiuza ndizi. Likapita gari dogo. Lilipunguza mwendo kwenye kona, kisha likaondoka kwa mlio kama wa mtu anayechana kanga mpya. Miaka ikapita, akachumbiwa na Angetile, na siku moja wakiwa wamekaa tu, akamsimulia.

"Nikasema, siku moja na mimi."

"Lilikuwaje?" Angetile aliuliza. Alikuwa na tabia hiyo ya kuuliza vitu vikoje.

"Dogo. La chini. Milango miwili."

"Rangi?"

"Jekundu."

Maneno hayo Angetile aliyaweka. Walizaa, wakajenga, binti yao Sekela akaolewa Songea, na bado aliyaweka. Ilipokuja ile karatasi ya kliniki, wengine waliona ugonjwa. Yeye aliona tundu la kitasa linaloziba, na akajiuliza ni kitu gani kipitishwe humo kabla halijaziba.

Hakumwambia mtu. Tumejua baadaye.


6

(Yaliyosikika siku gari lilipofika. Lilitoka Mbeya kwa mguu wake hadi Kiwira. Kutoka Kiwira lilivutwa na trekta la chai.)

"Hilo limekaa chini au limezama?"

"Ndivyo lilivyo."

"Kwa barabara zetu hizi? Si litaacha utumbo kwenye mawe?"

"Fundi, umenunua gari au sahani?"

"Baba Sekela, ndaga, pole na safari, karibu. Viti viko wapi vya nyuma?"

"Hakuna."

"Hakuna. Basi wakwe zako watapanda boneti."

Angetile alikuwa ameshika usukani huku trekta linamvuta. Aliitikia kila salamu.


7

Alimshika Subilaga mkono, akamtoa uani.

Ilibidi alitazame kwa vipande. Aliusogeza uso karibu, akaangalia kitasa cha mlango. Akasogea. Gurudumu. Akasogea. Kioo, na ndani ya kioo, yeye mwenyewe. Alichukua muda wake. Mvua nyepesi ilianza na hakuna aliyeitaja.

"Jekundu," alisema mwishowe.

"Eeh."

"Jekundu kweli."

Angetile alifurahi hadi akaenda kuchota maji ya rejeta, ingawa rejeta haikuhitaji maji. Lakini yeye ni fundi redio. Katika lile "kweli" alikuwa amesikia kitu, kama stesheni iliyokaa pembeni kidogo ya mshale. Hakutaka kuhukumu haraka. Akaacha.


8

Mambo ambayo gari lilifanya majuma ya kwanza:

lilikataa kuwaka palipokuwa na ukungu (Tukuyu kuna ukungu);

liliwaka lenyewe likiwa limezimwa, wageni wakiwepo;

lilinywesha kiti cha abiria maji ya mvua kupitia sehemu ambayo Fundi Ndele, makanika wa pale juu, alisema haina tundu;

lilikwama getini kwao, kwa tumbo, magurudumu yote yakiwa salama;

liliinua taa moja na kuacha nyingine imelala, Subilaga akaipapasa ile iliyolala, akacheka: "Huyu mwenzangu."

Ndele alipoitwa mara nyingi mno alisema, "Mzee wangu, hili gari halina ugonjwa. Lina umri. Umri sina spea yake."


9

Mimi ni Tusekile, dada yake Subilaga, yule aliyeambiwa habari ya mlima. Niacheni niseme hapa, maana shemeji yangu angeisimulia kwa adabu na msingeelewa.

Nilikuja kumsaidia mdogo wangu kupika. Nikalikuta gari uani. Nikamwita shemeji pembeni.

"Shemeji. Hili zimamoto la nini?"

"Ni lile la Kiwira. Alilolisimulia. Nimemtafutia linalofanana."

"La Kiwira nililiona mimi pia, nilikuwepo, nimebeba mkungu. Halikuwa hivi."

"Alisema jekundu."

"Lilikuwa jekundu, ndiyo."

Akanitazama. Nikamwuliza, "Ng'ombe ya mahari yetu, ulileta mwenyewe. Ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Ilifanana na bendera ya hatari?"

Akaligeukia gari.

"Na mimi, tangu nizaliwe naitwa Tusekile mwekundu. Nitazame shemeji. Mimi nyanya?"

Hapo akakaa chini, kwenye ndoo ya kuchotea maji, taratibu, kama mtu anayepanga skrubu. Kwetu sisi, chochote kisichokuwa cheusi na kisichokuwa cheupe tulikiita chekundu. Ng'ombe, udongo, mtu wa maji ya kunde, chai ya maziwa. Lile gari lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Shemeji naye ni mtu wa huku huku, ng'ombe akiiona anajua. Ila alilisikia neno lile kuhusu gari, akalisikia kidukani, kama rangi ya kopo.

"Yeye anajua?" akaniuliza.

"Ameliona, au hajaliona?"

"Mbona hakusema?"

Nikaenda zangu jikoni. Maswali mengine mtu amwulize mkewe.


10

Hakumwuliza. Alinunua rangi.

Ndele alimpa masharti: piga msasa hadi wekundu uishe, paka, kisha jua. Jua la kutosha. Wote wawili wakatazama juu, ambako wingu lilikuwa limekaa juu ya migomba kama mgeni asiyeaga.

Angetile alianza na mlango wa abiria. Ndio utakaokuwa karibu na macho ya mkewe, alifikiri. Kama muda ni mdogo, basi huo kwanza. Alikwangua asubuhi kabla ya kibanda, akakwangua jioni, vumbi jekundu likamjaa mikononi na kwenye nyusi. Kila alipoingia ndani alinawa kwanza.

Siku ya mlango kukaribia kwisha, Subilaga alitoka uani.

"Unakwangua nini kila siku?"

"Kutu."

"Baba Sekela."

Akaacha msasa.

"Nabadilisha rangi. Iwe ile ya ng'ombe."

"Tusekile huyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umechota maji ya bure," Subilaga alisema. "Mtu aliyefurahi hivyo unamwambia nini?"

"Nilitaka ulione lile."

"Lile lilipita. Hili limekuja hadi uani kwangu, linavuja. Usimkwangue mwenzangu." Akanyoosha mkono. "Umefikia wapi? Mlango upi huo?"

Subilaga alikuwa amesimama mbele yake. Mlango ulikuwa baina yao, wazi, nusu mwekundu, nusu bati.

                    Upi?

Angetile alitazama macho yake. Yalikuwa yameelekea kwenye mlango sawasawa.

"Tangu lini, Mama Sekela?"

"Mwanga naupata. Kivuli chako nakipata ukitembea." Akafikiri. "Juzi. Au siku moja kabla. Nilikuwa nangoja umalize, nikusifie."

Angetile akaenda akashika mkono ule ulionyooshwa, akauweka kwenye bati. Wakabaki hivyo. Kuku walipita katikati yao na kurudi.


11

OFISI YA MTENDAJI WA KATA
YAH: MATUMIZI YA GARI LA MICHEZO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Ofisi imearifiwa kuwa ndani ya kata yetu kuna gari la michezo, ambalo limehifadhiwa nyumbani kwako. Kwa kuwa fainali ya kombe la kata itachezwa Jumamosi, na kwa kuwa kamati ya michezo haikuwahi kujulishwa kuwa ina gari, unaagizwa kulifikisha uwanjani kwa ajili ya kubeba kombe, mipira na mgeni rasmi.

Ukishindwa, eleza kwa maandishi kwa nini gari la michezo halishiriki michezo.

Nakutakia utekelezaji mwema.


12

Kosa lilikuwa la Angetile. Watu wote husema "spoti". Yeye, alipoulizwa na karani wa kata ni gari gani lile, alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, na karani akakiandika kilivyonyooka.

Mtu mwingine angebisha. Angetile alilisoma agizo hilo kwa sauti, jikoni, na Subilaga akacheka hadi akashika ukuta. Hakuwa amecheka hivyo tangu ile taa iliyolala. Kwa hiyo Jumamosi akaenda.

Gari liliwaka. Mlango wa abiria ulikuwa bado nusu bati. Mgeni rasmi, mtu mnene na mpole, aliingia kwa kuanza na mguu na kutoka kwa kuvutwa na timu zote mbili. Kombe lilizungushwa uwanja mzima. Watu walipiga vigelegele, wengine kwa timu, wengine kwa taa moja iliyoinuka.

Subilaga alikaa kwenye benchi na Tusekile. Kila gari lilipopita mbele yake aligeuza shingo kulifuata, hadi upande wa pili, bila kulipoteza hata kidogo.

Angetile aliliona hilo.


13

Watu wakaondoka. Wavu ulishatolewa. Tusekile alitangulia nyumbani, akisema ana maharage jikoni. Jua, lile lililokosekana wakati wa rangi, likatoka lilivyopenda.

Angetile alimfungulia mkewe mlango. Subilaga hakuingia. Aliupapasa mwili wa gari, akapita mbele, mkono juu ya boneti, akazunguka hadi upande wa dereva, akasimama hapo.

"Umekosea upande," Angetile alisema.

"Sikukosea."

Akaachia kitasa cha mlango.

"Miaka yote umeniuliza lilikuwaje," Subilaga alisema. "Milango, rangi, mlio. Hukuwahi kuniuliza nani alikuwa anaendesha."

Ni kweli. Hakuwahi.

"Nani?"

"Mwanamke. Amefunga kitambaa. Alituona na ndizi zetu, akapunguza mwendo, akatutazama. Mama alidhani ananunua. Mimi nilikuwa natazama mikono yake tu." Akaigeuza mikono yake mwenyewe, akaikunja kwenye kitu kisichokuwepo. "Nilikwambia, siku moja na mimi. Ukadhani nataka kupanda."

Angetile, ambaye katika maisha yake hajawahi kumpa mtu yeyote bisibisi yake, alitazama uwanja. Ulikuwa mpana. Ulikuwa na milingoti ya goli kila upande, na upande wa kushoto mtaro, na gari lilikuwa ndilo hilo moja, halina spea, halina mwenzake kuanzia hapo hadi Mbeya. Na aliyemo ndani yake angekuwa yeye huyu, ambaye kwa ajili yake kliniki iliagiza ndugu wajiandae.

Akazunguka, akamketisha mkewe kwenye usukani, akaliwasha, akarudi. Akakaa kiti cha abiria, kile chenye unyevu.

"Mguu wa kushoto, hapo ni klachi. Kanyaga hadi mwisho. Huu mkono nipe."

Akauweka mkono wake wa kulia juu ya mkono wa kushoto wa mkewe, juu ya gia. Injini ilitetemeka chini yao. Waliizima bila kukusudia. Waliizima tena. Subilaga alisema neno ambalo hajalisema mbele ya watoto.

"Achia polepole. Kama unavyomtoa mtoto usingizini akiwa mgongoni."

Gari likasogea.

"Linakwenda?"

"Linakwenda."

"Niambie."

"Majani. Majani tu. Kulia kidogo." Sauti yake, ile ndogo, alilazimika kuipandisha juu ya injini, na ilipopanda ilimshangaza. "Kulia. Hapo hapo. Usiogope mlio, ni wako. Ongeza kidogo."

Akaongeza. Kanga mpya ikaanza

          kuchanika.

"Baba Sekela, mbele kuna nini?"

Aliangalia mbele. Aliangalia kwa ajili ya wote wawili, polepole, kwa mpangilio, kama alivyozoea.

"Nyoosha. Nyoosha hivyo hivyo. Mbele hakuna kitu cha kugonga, nyoosha