Mizigo ya Bwana Kificho

Kwa miaka kumi Wanu alijua kuwa ameolewa na karani, na mtaa wao wa Jang'ombe ukajua hivyo hivyo. Kila asubuhi mumewe, Masoud, alitoka nyumbani na koti lililopigwa pasi na kalamu mfukoni. Akifika ofisini hujifungia stoo, akalivua koti, akavaa kaki yenye vifungo vya shaba na kuchukua mfuko wa barua. Alikuwa tarishi. Uongo wenyewe aliusema siku ya posa, neno moja tu, akidhani atapandishwa cheo kabla mtu hajajua. Hakupandishwa.

Mwaka ule wa hamsini na sita, skuli zilipofungwa na joto likazidi mjini, Wanu alitaka na wao wakapunge upepo Chwaka kama watu wengine. Masoud akapata kibanda cha makuti karibu na pwani kwa siku tatu. Wakapanda gari ya mbao Darajani: yeye, Wanu, binti yao Sichana wa miaka tisa, na mama yake Wanu, Bi Kazija, aliyepakata sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kanga.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Bi Kazija, ambaye hakuwa ametoka mjini tangu amalize eda, alikaa miguu majini akicheka peke yake. Wanu alizoeana na wanawake wa nyumba ya pili.

"Mume wangu karani," Masoud alimsikia akiwaambia. "Likizo yenyewe kaipata kwa tabu, kazi haziishi."

Masoud akajifanya anatafuta viatu.

Siku ya pili, alasiri, motokaa nyeusi ilisimama mbele ya nyumba ya mawe, hatua chache kutoka walipotandika mkeka. Akashuka Bwana Kificho, karani mkuu wa ofisini kwao, pamoja na mkewe. Masoud akageuza uso upande wa bahari, lakini alikuwa keshaonekana.

"Masoud! Na wewe uko huku? Alhamdulillahi, nlikuwa nnafikiri nani atatutolea mizigo. Njoo mwanangu."

"Naam, bwana."

Jibu lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka kila siku.

Bwana Kificho hakuwa mtu mbaya. Alimwekea mkono begani, akamwambia mkewe kwa sauti ya furaha, "Huyu ndiye tarishi wetu. Mwaminifu, hajapoteza barua hata moja."

Mazungumzo ya Wanu na wanawake wa nyumba ya pili kwenye mkeka yakakatika. Masoud alijitwika sanduku bila ya kumtazama Wanu. Aliporudi kuchukua la pili, alimkuta Sichana keshanyanyua birika la Bwana Kificho na mkoba wa mkewe, anatangulia.

"Weka chini," alimwambia.

"Naweza, baba."

Wakaenda safari tatu. Mzigo ulipokwisha, Masoud alimshika mkono mtoto wake nyuma ya nyumba ile, pasipo watu.

"Sichana, mimi nilitaka kukwambia…"

"Nnajua, baba. Ulileta barua skuli kwetu, kwa mwalimu mkuu. Nkajificha nyuma ya tangi la maji, usije ukaniona."

"Lini hiyo?"

"Nlipokuwa darasa la kwanza. Nlimwambia bibi tu. Bibi akasema nisimwambie mtu, utaona haya."

Masoud aliuachia mkono ule. Alizikumbuka jioni zote alizokaa kwenye chakula akieleza mafaili aliyoyaandika na barua alizozijibu, na Sichana akimuuliza, "Leo umeandika ngapi, baba?" na Bi Kazija akiinamia sahani yake. Walikuwa wakimsitiri. Mtoto wa miaka saba alikuwa akimsitiri baba yake.

Kibandani Wanu alikuwa amekaa kitandani, amempa mgongo.

"Miaka kumi nnakupigia pasi koti," alisema taratibu, majirani wasisikie. "Kumi, Masoud. Ungesema tarishi, ungekataliwa?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Hukuniacha nkajua."

Nje, Bi Kazija aliita watu waje kula. Masoud akatoka, akapiga goti mbele yake. "Mama, nisamehe."

"Mimi hukunifanya kitu," alisema Bi Kazija. "Kula, wali unapoa."

Alikula bila ya kuinua uso.

Siku ya tatu Bwana Kificho alimwita mara mbili, na mara zote alikwenda. Wanawake wa nyumba ya pili wakawa wanamwamkia Wanu kwa adabu kubwa kuliko jana, na hilo ndilo lililomliza.

Jumatatu Masoud alitoka nyumbani amevaa kaki, aliyokuwa keshaifuata stoo ofisini. Wanu hakumsindikiza mlangoni. Jirani yao, Bi Mwanapili, alikuwa anafagia barazani.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Eh, bwana karani, leo umevaa nini?"

"Nguo za kazi. Mimi si karani, Bi Mwanapili. Ni tarishi, tangu zamani."

Bi Mwanapili aliusimamisha ufagio. "Haya, mwanangu. Kazi njema," akasema, akaingia ndani haraka.

Masoud akashika njia ya Darajani, masikio yanamwaka moto. Aliwaamkia watu mmoja mmoja kama kawaida yake. Baadhi yao walimkodolea macho. Wengine walimjibu vizuri tu, wala hawakuonesha kushangaa hata kidogo, na hao ndio alioshindwa kuwatazama.