Mke Mwenza Kutoka Masaki

Mwalimu Efrazia alifundisha fizikia siku za kazi, na Jumamosi asubuhi aliwafundisha watoto wa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, kuandika mashairi. Walikaa kwenye baraza la fremu za maduka ambazo mwenye nazo alikuwa hajazimalizia, ubao ukiegemezwa kwenye matofali. Kwa Efrazia masomo hayo mawili hayakutofautiana sana. Katika yote mawili alidai ushahidi.

"Mama ni taa ya nyumba," alisoma Hamza, siku walipoanza kuandika juu ya watu wanaowapenda.

"Taa ya namna gani?"

"Ya... ya sola, Mwalimu."

"Umewahi kumwona mama yako akiwaka?"

"Akikuta vyombo havijaoshwa, anawaka."

Wenzake walicheka. Efrazia hakucheka. "Basi andika hivyo vyombo. Taa iache fundi umeme aiandike."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake pekee: andika ulichokiona. Watoto waliizoea haraka. Mama waliokuwa nguzo na nyota wakaanza kupungua, wakaja mama wanaochana nywele za watoto huku wakiongea na simu, na baba wanaolala kwenye kochi na viatu miguuni.

Hajira, binti wa darasa la sita, aliandika juu ya bibi yake, Bi Mwanaasha, anayelima mihogo na korosho Masaki, Kisarawe. Kila likizo Hajira huenda kukaa kwake. Alisimama akasoma:

*Una meno mawili tu, nayo hayasemezani,*
*Ukinipikia chai, wala sukari sioni,*
*Ukicheka kule shamba, kima hurudi porini,*
*Babu Jumbe ni wa kwangu, wewe mpishi jikoni.*

Baraza zima lilipiga kelele. Efrazia alihesabu mizani kwa vidole. Ilikuwa kamili, na vina vya mwisho vilikuwa kamili pia.

"Bibi yako ndiye unamwambia hivi?"

"Yeye huniambia makubwa zaidi, Mwalimu. Mimi ni mke mwenzake."

Efrazia alilijua hilo. Kwao Kagera pia bibi na wajukuu hutaniana, na mjukuu wa kike kumgombania babu na bibi yake si jambo la ajabu. Lakini siku ya kusoma mashairi ilikuwa imepangwa. Wazazi wangekuja, mwenyekiti wa mtaa angekuja, na Bi Mwanaasha mwenyewe angeketi mstari wa mbele. Aliona kwamba utani wa jikoni una mahali pake, na mbele ya watu wazima wenye heshima zao si mahali pake.

"Hili la nyumbani," alisema. "La hadhara tuliandike upya."

Wakaandika pamoja. Efrazia aliuliza maswali, Hajira akajibu, na shairi likatoka safi:

*Bibi yangu Mwanaasha, mkulima wa mihogo,*
*Umelea wengi sana, wakubwa hata wadogo,*
*Mpole mwenye subira, huna kelele kidogo,*
*Mola akulipe mema, kwa mizigo na magogo.*

Hajira aliuliza magogo ni ya nini. Efrazia alisema bibi yake bila shaka amewahi kubeba kuni.

Ijumaa, siku moja kabla ya hafla, Bi Mwanaasha alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya mwanawe Hussen, na kiroba cha mihogo mapajani. Babu Jumbe alibaki Masaki kulinda shamba.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Hebu nikutazame. Mh! Yaani mume wangu kaacha kula kwa ajili ya huyu? Miguu kama miti ya uzio?"

"Miti ya uzio ina majani. Wewe umebaki shina."

"Hussen! Umsikie mwanao!"

"Mama, mimi simo," alisema Hussen, akichukua kiroba.

Hajira hakuweza kungoja kesho. Alipomaliza kumwagiwa maneno ya kila aina, alisimama katikati ya sebule akamsomea bibi yake shairi lile safi, mstari kwa mstari, mikono ikiwa nyuma.

Bi Mwanaasha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta khanga yake mabegani.

"Ahsante, mjukuu wangu," alisema. "Mungu akubariki."

Hajira alisimama palepale. Alikuwa hajawahi kuitwa mjukuu na bibi huyu isipokuwa siku moja, hospitali, mbele ya daktari. Alidhani ni mzaha unaoanza. Haukuwa mzaha. Wakati wa chakula bibi alimwekea paja la kuku bila kumwita mlafi. Alimwuliza masomo yanaendeleaje. Alimsifu kwa kuosha vyombo. Hajira alijaribu kumchokoza, akasema kwamba Babu Jumbe amempigia simu, anahamia kwake Kibaha. Bibi alitabasamu tu.

"Msalimie," alisema, akaenda kusali Isha.

Asubuhi Hajira alifika barazani kabla ya viti kupangwa.

"Mwalimu, bibi ameharibika."

"Anaumwa?"

"Hapana. Ana adabu." Macho yalikuwa mekundu. "Nimemsomea shairi, tangu hapo ananiita mjukuu. Ananiuliza masomo. Mimi si mke mwenzake tena."

"Amesema shairi halikumpendeza?"

"Amesema ahsante."

"Basi huenda lilimpendeza."

"Mwalimu, alinipa paja hakunitukana!"

Efrazia alikuwa na desturi ya kutopuuza matokeo ya jaribio kwa sababu tu hakuyatarajia. Aliomba lile shairi akalisoma tena, safari hii kwa jicho la mtihani.

"Mpole," alisema. "Umewahi kumwona akiwa mpole?"

"Jana tu."

"Huna kelele kidogo?"

"Anasikika mpaka barabarani."

"Na haya magogo niliyaweka mimi." Aliikunja karatasi. "Nimevunja sheria yangu mwenyewe. Kumbe tumemsifu mtu asiyekuwepo, na bibi yako amesikia anavyosifiwa marehemu. Lile la kwanza unalikumbuka?"

"Lote. Na nimeliongezea mstari."

"Kalisome. Watu wakinung'unika, waje kwangu."

Wazazi walikaa, mwenyekiti wa mtaa akakaa, na Bi Mwanaasha akaketi mbele kwa ustaarabu, mikono imekunjwa. Hajira aliitwa. Alimtazama bibi yake machoni, akaanza.

"Una meno mawili tu, nayo hayasemezani!"

Mama mmoja alishika mdomo. Nyuma, mtu alisema, "Astaghfirullah." Hussen aliinamisha kichwa. Bi Mwanaasha hakutikisika. Kwenye chai isiyo na sukari bega lake moja liliruka. Kwenye kima, la pili. Hajira alipofika kwa mpishi wa jikoni, bibi alikuwa ameshasimama na khanga amejifunga kiunoni.

"Sijamaliza," alisema Hajira.

*"Siku nisipokuona, nitagombana na nani?"*

Mwenyekiti wa mtaa alitazama dari ambayo haikuwepo.

"Utagombana na mimi hapahapa!" alifoka Bi Mwanaasha. "Nani kakwambia naondoka nikuachie mume? Kitoto hakijui hata kumenya muhogo, kinataka bwana! Na nani kasema meno mawili? Matatu! Mwalimu, njoo uhesabu!"

Efrazia alikwenda. Mbele ya hadhara nzima aliinama, akachungulia mdomoni mwa Bi Mwanaasha.

"Matatu," alitangaza. "La tatu liko nyuma, upande wa kushoto. Hajira, sahihisha."

"Hilo la tatu limejificha kwa aibu, mke mwenzangu!" alisema Hajira.

"Aibu unayo wewe, mke mwenzangu, unayekwenda kwa mume wa watu na begi la shule!"

Watu walikuwa wakipiga makofi, wakigonga miguu na viti. Hussen alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Yule mama aliyeshika mdomo alianza kumsimulia jirani yake matusi aliyokuwa akitukanwa na bibi yake huko Singida.

Hamza, aliyekuwa afuate, alimvuta Mwalimu mkono wa blauzi.

"Mwalimu, zamu yangu lini?"

Efrazia aliwatazama wake wenza wawili, pua kwa pua, kila mmoja akiwa na la kusema.

"Kaa, Hamza," alisema. "Hawa hawamalizi leo."