Usukani wa Mtani

Fundi Marselino alikuwa amekwisha kufunga ekseli ya mbele ya lori la jeshi kwenye lori la machimbo ya Geita, ili magurudumu ya mbele nayo yavute kwenye tope. Kilichobaki ni usukani. Boksi mbili za usukani zilikuwa juu ya gunia: moja ya kukata kona upesi lakini ngumu kama kisiki, nyingine nyepesi, ila ya kuzungusha mpaka uchoke.

"Funga ngumu," akasema dereva Mhando. "Mimi si mtoto."

Bega lake lilikuwa bovu tangu masika, hendeli ya kuwashia injini ilipompiga, na hakutaka mtu alitaje. Marselino alimwona akilisugua kwa siri. Lakini yeye Msukuma, Mhando Mzigua: watani. Amhurumie mbele za watu? Thubutu!

"Nafunga nyepesi!" akafoka. "Nyie Wazigua hamna nguvu tangu enzi za babu zenu. Hii ngumu utaning'inia kama popo!"

Watu wakacheka. Nyepesi ikafungwa, Mhando akaenda Katoro, akarudi jioni akizungusha usukani kwa mkono mmoja. Akashuka, akamkazia macho mtani wake, akafungua kinywa amjibu.

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akakosa tusi.