Somo la Kujiuza

Mwaka wa mwisho chuoni tulipewa somo la kutafuta kazi. Mhadhiri akatuambia, "Lazima mjue kujiuza!" Nami kwa ujinga wangu nikaenda kumsimulia mama. Lo! Mwiko ulimponyoka.

"Chuo gani hicho kinawafundisha watoto wa watu kujiuza? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiulizwa, jibu kwa adabu. Kazi yako itakusemea."

Nikamwamini. Amenilea peke yake. Ningemwamini nani, mhadhiri?

Kiwanda cha sabuni tulikofanyia mafunzo kilitangaza nafasi moja ya fundi mitambo. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukaniruka. Tukaitwa wawili kwenye usaili: mimi na mwenzangu wa darasani tuliyembandika jina Spika, kwa mdomo wake. Wakati wa mafunzo mimi nilishinda chini ya mashine ya kufungasha, grisi hadi masikioni. Yeye alipiga picha kavaa kofia ngumu, basi.

Tuliingizwa pamoja. Meneja, mama wa makamo, akaanza na mimi.

"Mashine ya kufungasha unaijua?"

"Kidogo," nikasema, macho chini.

"Ikikwama, utaitengeneza?"

"Nitajaribu, mama."

Nitajaribu! Mashine niliyoifungua na kuifunga mwenyewe mara kibao!

Akamgeukia Spika, naye akadakia: "Hiyo naijua nje ndani, bosi! Hata usingizini naitengeneza."

Mwongo mkubwa! Nilitaka kusema, lakini mbele ya mtu mzima ningeanzia wapi? Meneja akamkabidhi kazi palepale. Mimi akanipigapiga begani kwa huruma. "Wewe binti nenda kajifunze kwanza. Ukiiva, urudi."

Nilirudi nyumbani nimefura. Njia nzima nilipanga maneno ya kumpasulia mama, safari hii bila kumung'unya.

Nilimkuta mlangoni. "Walikuulizaje? Ulijibuje?"

Nikamweleza neno kwa neno, ile kidogo na ile nitajaribu. Uso ukamchanua. Akanikumbatia, mafuta ya mboga mikononi mwake yakanichafua blauzi ya usaili.

"Hongera, mwanangu! Hukunitia aibu. Nani atamnyima kazi mtoto mwenye adabu hivyo?"

Kabla sijafungua mdomo, keshakimbilia dirishani. "Jirani! Jirani, njoo! Binti yangu kapata kazi!"

Nami nikanyamaza, kama nilivyolelewa.