Amebahatisha Tu

"Ah, mwalimu, usimvishe kilemba cha ukoka," mama alisema akicheka. "Huyu hesabu hajui. Amebahatisha tu."

Nilisimama kati yao, mikono nyuma. Karatasi yangu ya mtihani ilikuwa mezani, na lile swali la tangi linalojazwa na bomba moja huku jingine likivuja, darasa zima tulilipata wawili tu, mimi na mvulana wa dawati la mbele. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu mpole aliyechonga penseli zake kwa wembe, alikuwa amemwita mama amwambie kwamba kundi la mashindano limebakiwa na nafasi moja, na kwamba ananifikiria mimi.

Mama alikuwa fundi cherehani, na hiyo ndiyo iliyokuwa adabu yake. Ukisifu gauni alilokushonea, atakuonyesha mshono uliopinda. Mgema akisifiwa, alikuwa akisema, tembo hulitia maji. Wateja wake walimjua, wakacheka, wakarudi tena. Mwalimu hakumjua. Alinitazama upya, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Uliangalizia kwa mwenzako?"

Niliinamisha kichwa. Kusema hapana kungekuwa kumwita mama mwongo mbele ya mgeni, na mimi sikulelewa hivyo. Masikio yaliniwaka moto. Kunyamaza kwangu, bila shaka, kulisomeka kama jibu.

Tulipokuwa tukitoka, aliingia mama wa yule mvulana wa dawati la mbele. Nilibaki mlangoni nikifunga kamba ya kiatu, nikasikia kila neno.

"Huyu wangu, mwalimu? Amebahatisha tu."

Mwalimu akaangua kicheko. "Mama nawe! Uvivu tu unamsumbua, lakini kichwa anacho."

Nafasi akapewa yeye.

Njiani mama aliniuliza mbona nimenuna. "Nimekukinga na macho ya watu," alisema, akanishika mkono kwa upendo ambao sikuweza hata kuukasirikia. Niliona aibu tu, aibu ya mtu aliyekamatwa kama mwizi akiwa na kitu chake mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila nilipopata jibu nililitilia shaka, nikalifuta, nikafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Mwisho wa mwaka nilikuwa kweli sijui hesabu, na hakuna aliyeshangaa.

Juzi niliitwa shuleni kwa binti yangu. Mama, ambaye siku hizi anaishi nami na macho yake hayaoni tena tundu la sindano, aling'ang'ania twende wote. Mwalimu, msichana mwenye chaki kwenye nyusi, alitukaribisha viti.

"Mama, huyu mtoto ana kichwa cha hesabu. Nataka nimwingize kwenye mashindano."

Moyo ulinijaa. Na papo hapo, kabla sijafikiri, tabasamu lile la mama lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Ah, mwalimu, huyu..."

Mama alinishika goti.

"Anajua," alimwambia mwalimu. Kisha, kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Hata mama yake alikuwa anajua."

Sikuweza kuinua uso. Binti yangu alikuwa amesimama kati yetu, mikono nyuma, akinisubiri nimalizie nilichokuwa nasema.