Ovaroli Isiyokauka

Kila Jumamosi asubuhi Caritas alifua mashuka kwenye karai, akayaanika katika kamba ya kwanza, na kuiacha ya pili wazi. Hiyo ya pili ililegea katikati na kuchuruzika maji, ingawa hapakuonekana nguo juu yake. Iliyoning'inia hapo bila kuonekana ilikuwa ovaroli ya Darius. Mumewe aliitwa nje na vijana wenye bunduki mwezi wa tano mwaka 1995, akiwa ameivaa ikiwa bado mbichi, na tangu siku hiyo hakurudi, wala ovaroli haikukauka. Majirani wa mtaa wa Ngagara walipopita uani waliinama wasilowe.

Siku ya Jumatano, katika darasa la kusoma na kuandika kwenye ukumbi wa parokia, mwalimu Candide aliandika ubaoni "kulegea", akawauliza akina mama wamelikuta wapi neno hilo. Mmoja alitaja kitanda. Mwingine alitaja maziwa yake baada ya watoto saba, darasa likacheka. Caritas alitaja kamba. Candide, aliyewahi kusoma Kiingereza, akasema Waingereza wana neno lao la kulegea, "droop", ndugu wa neno lao la tone, "drop", na kwamba kale lilimhusu mtu aliyeinamisha kichwa kwa huzuni. Caritas alikubali. Kamba yake ilifanya hayo yote.

Alikuwa amejiunga na darasa kwa sababu moja: kusoma mwenyewe alichoandika shefu, kiongozi wa kata, kuhusu Darius. Mwezi wa tisa shefu alipopita na kitabu chake cha wakazi, Caritas aliomba kukiona. Aliweka kidole chini ya mstari wa Darius, akasoma polepole: *amehama*.

"Shefu, hakuhama. Walimutoa hapa, na mulikuwa munasimama pale kwa mulango."

"Mama Armel, mutu aliyekufa namuandika nikiona mwili. Mwili uko wapi?"

Caritas akamwonyesha kamba. Shefu akaingiza mkono chini yake, akainua kidogo, akakadiria uzito. Maji yakamtiririka hadi kiwiko.

"Ni yeye," akasema. "Iko ovaroli, na yeye iko ndani. Lakini haya ni maji, mama. Kwa maji siwezi kupiga muhuri."

Akamshauri atafute mti wa kuinulia kamba, kwani ilifunga njia. Kisha akakifunika kitabu kwa koti lake, akainama kuliko majirani wote, akapita chini ya Darius bila tone hata moja kuangukia karatasi.