Nilivyopanda Ngazi na Kamanda

Binti yangu wa kwanza ni msusi, lakini nyumbani tunamwita Kamanda. Siku hiyo alikuja na amri: chumba changu cha juu kifungwe, cherehani iuzwe, nami nihamie kwake nikakae sebuleni kama mtungi.

"Mapafu yako yamechoka, Mama. Ngazi hizi zitakuua."

Mapafu yangu ni mabovu kweli. Ni ugonjwa sugu, hauponi, unaishi nao kama mpangaji mkorofi. Lakini ile cherehani nimeikalia miaka thelathini, na mezani sare za watoto wa shule zilikuwa zinanisubiri. Nikikaa bure sebuleni nitakufa mapema zaidi, tena kwa tamthilia zake.

"Nipime basi," nikamwambia. "Nikifika juu, cherehani inabaki."

Akaziangalia ngazi. "Zote kumi na nane. Ukisimama kupumzika hata mara moja, kesho naleta gari la kuhamisha vitu."

Hapo alinibana. Muuguzi wa kliniki alinifundisha kupanda kwa akili: vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa midomo uliyoibana kama unapoza chai, na mguu unyanyue wakati unatoa. Kila baada ya ngazi nne, simama. Kusimama si aibu, alisema, ndiyo dawa yenyewe. Sasa Kamanda kaipiga marufuku dawa yangu!

Nikavuta pampu yangu ya pumzi, nikaipa muda ifanye kazi, kisha nikashika ukuta. Kamanda akanifuata nyuma, mikono tayari kunidaka.

Ngazi ya nne, kifua kikaanza kupiga filimbi. Pumzi niliyobaki nayo ilitosha maneno manne.

"Mama mkwe wako hajambo?"

Kamanda akasimama palepale. Mwanangu hawezi kusema bila mikono, na mikono ikianza kazi, miguu inagoma.

"Hajambo? Yule? Jana kafunua sufuria yangu, eti ananusa! Ananusa, Mama, mbele ya mume wangu!" Akanionyesha alivyonusa.

Nikageuka, nikaegemea ukuta. Mtu mwenye adabu hamwachi mtoto wake azungumze na ngazi. Nikapoza chai yangu isiyokuwepo: fuuu, fuuu.

"Haya, twende," akasema.

Ngazi ya nane. "Akasemaje?"

"Chumvi! Eti chumvi nyingi!" Kutoka kwenye chumvi akaenda kwenye mapazia, kutoka mapazia akaenda kwenye taulo anavyozikunja. Nilipumzika mpaka nikakaribia kusinzia.

Ngazi ya kumi na mbili nilisema "Enhe?" tu, ikatosha. Ya kumi na sita hata hiyo "enhe" sikuwa nayo. Macho yakaniwia mazito, nikaiona cherehani inashushwa. Nikanyanyua nyusi.

"Ndiyo, Mama! Na mume wangu akamuunga mkono!" Mikono ikapaa tena. Fuuu. Fuuu.

Nikamalizia mbili zilizobaki, nikaketi kwenye kiti changu cha kazi. Kamanda akafika, akatazama chini, akahesabu kwa vidole. Uso ukambadilika.

"Mama. Umesimama mara nne."

"Mimi? Aliyesimama ni wewe. Mimi nilikungoja."

Akaja kuniwekea kiganja mgongoni, akasikia filimbi inavyofifia kidogo kidogo.

"Kumbe ukipumzika inatulia?"

"Inatulia."

"Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Haya, cherehani ibaki. Ila kliniki ijayo tunakwenda wote, huyo muuguzi anifundishe na mimi."

Kesho yake gari halikuja. Alikuja Kamanda na stuli, akaiweka pale ngazi zinapokata kona.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Yangu," akasema. "Leo ni zamu ya wifi yangu, na habari zake ni ndefu, siwezi kuzimaliza nimesimama."